Ya Nane na Ya Ishirini

Mwanangu Shabani,

Salamu na dua nitakupa kesho mlangoni kwa mdomo wangu. Hapa nina neno jingine, nalo nataka ulisome ukiwa peke yako, kabla hujafunga mizigo. Naliandika mchana huu, wakati umekwenda sokoni kuaga rafiki zako, na nitalitia ndani ya mkoba wako juu ya nguo, mahali ambapo huwezi kusema hukuliona.

Asubuhi nimekusikia kule bondeni ukiijaribu Ya Nane. Nilikuwa napepeta uwele, ungo ukanitoka mikononi. Kishindo kimoja, mbwa wote wakabweka, nawe ukarudi umeshika bega unacheka, ukaniambia hii ndiyo bunduki ya mwanamume. Nikakuambia chukua Ya Ishirini. Ukacheka tena. Jana nilikuambia, juzi nilikuambia, na kabla ya juzi. Sikio la kufa halisikii dawa. Nimechoka, Shabani, nimechoka kusema na mtu ambaye kila nikifungua mdomo yeye anacheka.

Cheti ulichopewa bomani ni cha bunduki moja. Moja itakwenda nawe Mtera, nyingine itabaki hapa ukutani. Sikuandikii habari za chumvi, wala dawa ya homa, wala namna ya kukaa na wakwe. Hayo mkeo Sechelela anayajua, huko ni kwao, na ana akili kukushinda. Nakuandikia habari ya bunduki. Utasema, mwanamke anajua nini juu ya bunduki. Ngoja.

Nani alikuwa akiyeyusha risasi katika nyumba hii? Babako alikuwa akisafiri na misafara, miezi sita hayupo, na akirudi anakuta kibuyu kimejaa. Niliyekijaza ni mimi, kwa kalibu mbili alizonunua Unyanyembe kabla hujazaliwa. Mikono yangu ina makovu ya kazi hiyo mpaka leo. Ratili moja ya risasi, ukiiyeyusha na kuimimina katika kalibu kubwa, inakupa vidonge vinane. Ratili ileile katika kalibu ndogo inakupa vidonge ishirini. Ndiyo maana bunduki moja nikaiita Ya Nane na nyingine Ya Ishirini. Wewe uliyakuta majina hayo ukayadhania ni ya kusifia ushujaa wa mtu. Ni kipimo tu cha jikoni kwangu.

Sasa nisikilize kama ungemsikiliza fundi, si mama. Ya Nane ina kasiba pana, mtutu ambao dole gumba lako linaingia na kuzunguka. Ilitengenezwa kwa ajili ya ndovu, tena ndovu wa mbugani, mtu amesimama wima na nafasi tele mbele yake. Inakula baruti vipimo vitatu pale ambapo Ya Ishirini inakula kimoja, na siku hizi baruti ni ya kuombwa bomani, unaulizwa ya nini, unaulizwa ya mwezi uliopita umeipeleka wapi. Ukimpiga kanga kwa Ya Nane utaokota manyoya. Ukimpiga digidigi utalia, maana nyama hakuna. Ya Ishirini inakupa kanga mzima na sungura mzima, na ukitia kidonge kimoja badala ya marisaa madogo madogo, hata swala anaanguka, mradi uwe na subira ya kumkaribia. Subira huna, lakini huenda njaa ikakufundisha.

Hayo ni mawindo. Nyumbani ndiko kwenye neno. Umeishi ndani ya tembe tangu kuzaliwa, unajua dari ilivyo chini na nguzo zilivyosongamana. Kasiba ya Ya Nane ni ndefu, ukigeuka nayo upesi inagonga nguzo. Ukiifyatua humo ndani huoni kitu kwa moshi, na kuishindilia tena ni muda wa mtu kuchemsha maji. Na siku uko mtoni, fisi ameingia zizini, Sechelela ana mtoto mgongoni, hiyo Ya Nane ataiinua na mikono ya nani? Ya Ishirini ataiinua. Marisaa yake, zile risasi ndogo ndogo kama punje za uwele, zinamtosha fisi, zinamtosha chui wa hatua kumi, na zinamtosha mwizi wa ng'ombe akakumbuka njia ya kwao. Na zikimkosa zinakwama katika udongo wa ukuta. Hilo la kukwama ukutani lisome mara mbili.

Utasema Mtera kuna ndovu wanaokula mahindi, na viboko. Najua wapo. Ndovu hafukuzwi na mtu mmoja mwenye bunduki. Anafukuzwa na kijiji kizima kwa ngoma na vijinga vya moto, na wakwe zako wamefanya hivyo tangu babu zao. Kiboko mwachie mto wake.

Kama ungekuwa mtu wa kusikia, ningekoma hapa nikapika. Lakini utanijibu kama ulivyonijibu juzi. Ulisema Ya Nane haina kosa, kosa ni la mtu mzembe aliyeishika akamwua mama yake mzazi. Ulisema hivyo mbele ya mkeo, kwa sauti ya kutosha. Babako alikuwa nje ya mlango anasuka kamba ya kufungia mizigo yako. Aliendelea kusuka. Mimi nilikuwa na sufuria mkononi na nilitaka kukupiga nayo, mtu mzima na ndevu zako.

Miaka tisa hujamwamkia baba yako. Tangu uliporudi kutoka kwa mjomba wako Kilimatinde, ulikokuwa chuoni, ukakuta bibi yako amekwisha kuzikwa, na watoto wenzio wakakueleza njiani kabla hujafika nyumbani. Unampita mlangoni kama unavyokipita kinu. Akikuletea maji ya kunawa unanawa, hushukuru. Siku ya harusi yako ulimwomba mjomba asimame mahali pake. Mtaa mzima umekwisha kuzoea, hata mwadhini amezoea. Mimi sijazoea. Na kesho unakwenda safari ya siku nne, huko ukaanze maisha, na yeye si kijana, na wewe ndiye huyo, unaona shida hata kumtazama. Nikikaa nikawaza kwamba huenda mkaachana hivi mpaka kaburini, nainuka napepeta uwele uliokwisha kupepetwa.

Kila nikitaka kusema nawe unanyanyuka. Tena babako aliniapisha, mkono wangu juu ya Msahafu, kwamba sitakuambia kwa mdomo wangu. Basi kalamu si mdomo. Na kama mbele ya Mungu ni kitu kimoja, nitafunga siku tatu za kafara, naanza kesho ukishaondoka.

Si yeye aliyefyatua. Ni mimi.

Soma tena ukitaka, kisha uendelee, maana nataka ujue ilivyokuwa, usije ukaunganisha mwenyewe njiani.

Wanaume wa misafara walikuwa na desturi ya kutofika makwao kimya. Mtu akifika ukingoni mwa mji anafyatua bunduki hewani, watu wajue nani karudi, wanawake tupige vigelegele. Ilikuwa furaha, lakini ilikuwa na akili ndani yake. Gobori likishashindiliwa halitoki kitu ila kwa kufyatua, kwa hiyo bunduki ilifika nyumbani ikiwa tupu. Miaka yote niliyokaa na babako, Ya Nane haikupita mlango wetu ikiwa na kitu ndani. Halafu Wadachi wakaleta vyeti vya baruti, kila kipimo kinaandikwa, nami nikawa mchoyo wa baruti kuliko chumvi.

Jioni ile babako alitoka Mtera, huko huko unakokwenda. Rafiki yake alimwita amlindie mahindi. Ndovu hawakutokea, bunduki haikulia. Alipofika kwenye ua wa miiba akainua kasiba juu, apige kama siku zote. Mimi nikatoka mbio na mwiko mkononi, nikamkemea mbele ya majirani. Nikamwuliza baruti nyingine ataipata wapi, au anataka kuwafurahisha kunguru. Watu wakacheka. Naye akacheka, cheko la mtu aliyeaibishwa na mkewe, akaishusha, akaingia nayo, akaitundika. Ndani yake mlikuwa na baruti vipimo vitatu na kidonge kimoja cha kalibu kubwa.

Alfajiri yake babako alitoka nyuma ya nyumba kutawadha. Nikasikia mbuzi wanalia kilio kile cha kukatika. Nikachungulia uani, nikamwona chui yuko ndani ya zizi, amemkaba mbuzi koo, na mbuzi amefungwa kamba, basi chui anavuta na kamba inavuta. Hakuwa na haraka yule mnyama. Mwenye haraka nilikuwa mimi.

Ya Ishirini ilikuwa inaning'inia palepale, karibu na mkono wangu, imeshindiliwa marisaa tayari. Ningeichukua hiyo, mambo yangekwisha. Nikaiacha. Niliona chui mkubwa nikataka bunduki kubwa. Nimetafuta sababu nyingine miaka tisa na sijaiona, ni hiyo tu, woga wangu ulipenda kitu kikubwa.

Nikaishusha Ya Nane. Kwa kichwa changu ilikuwa tupu, kwa kuwa siku zote huingia tupu. Jioni nimemkemea mtu asifyatue, alfajiri nimesahau kwamba nimemkemea! Mdeki wake, ule ufito wa kushindilia, una alama. Umeiona, ukadhani ni pambo. Alama ile niliichonga mimi kwa kisu. Ukiutumbukiza mdeki katika kasiba tupu unazama mpaka kwenye alama, na kama kuna kitu ndani, alama inabaki juu. Nilimimina baruti, nikashindilia, nikatia konzi ya marisaa, nikashindilia tena. Alama ilikuwa juu kiganja kizima, kupita kawaida ya mshindilio mmoja. Ilikuwa mbele ya macho yangu, na macho yangu yalikuwa kwa chui.

Nilifyatua. Ilinitupa nyuma mpaka kwenye kihenge cha uwele, bega likavunjika. Nilikuambia niliteguka kisimani, nao ulikuwa uongo. Chui alikufa, na mbuzi wawili pamoja naye. Kile kidonge hakikusimama kwa chui wala kwa ukuta. Ukuta ule ni fito na udongo, unaujua, na nyuma yake bibi yako alikuwa ameketi kitandani anavuta tasbihi akingoja adhana. Hakupiga kelele. Nilipofika alikuwa ameegemea ukuta na tasbihi iko mkononi.

Babako aliingia mbio, maji ya udhu yanamdondoka usoni. Akamtazama mama yake. Akamfunga macho. Kisha akanijia, nimekaa chini na bunduki mapajani sijui kama ninalia au silii, akaichukua kutoka mikononi mwangu. Majirani walikuwa wanabisha mlango. Nikamwambia nitawaambia. Akasema, "Wewe ukisema ni wewe, watasema kusudi. Nikisema ni mimi, watasema bahati mbaya. Nyamaza."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo linaloniuma. Bibi yako alikupenda wewe, nami namshukuru kwa hilo, lakini mimi na yeye tulikuwa tunagombana. Wewe ulikuwa mdogo hukujua, au ulijua. Siku tatu kabla, tuligombana kisimani juu ya mtungi, mtungi tu, Shabani, na nikamwambia mbele ya wanawake wote kwamba siku atakayokufa nitalala usingizi mzuri. Maneno hayo yalitoka katika kinywa hiki. Nani angeamini kwamba mke aliyesema hivyo amemwua mavyaa wake kwa kumlenga chui?

Babako akawafungulia majirani na bunduki mkononi mwake. Askari walimchukua adhuhuri, kaburi la mama yake halijakauka maji. Akapigwa viboko hamsa ishirini kwa uzembe wa silaha, akatiwa mnyororo miezi mitatu akivunja kokoto za barabara. Nilikuwa nampelekea uji. Anakunywa, ananirudishia kata, ananiuliza kama wewe umemtumia salamu. Hilo tu ndilo aliloniuliza siku zote tisini.

Alipotoka nikamwambia sasa nitasema, angalau kwa mtoto. Ndipo akaniapisha. Akasema, "Amekwisha kunichukia mimi. Akikuchukia na wewe, atabaki na nani?"

Nikakubali. Na hapa, mwanangu, usinihurumie. Kosa la alfajiri ile lilikuwa la kupepesa jicho, na Mungu anajua nilikuwa ninaogopa. Hili la pili nimelifanya miaka tisa, kila siku, nimeamka vizuri na kunawa uso. Ulikuwa unakuja kuniwekea kichwa mapajani na kuniambia mama, sina mtu ila wewe, nami nilikuwa naona utamu. Naona aibu kuandika, lakini niliona utamu. Nilipenda kupendwa na wewe peke yangu. Ulipompita babako mlangoni nilikuwa naumia upande mmoja, na upande mwingine nashukuru kwamba si mimi ninayepitwa. Watu husema majuto ni mjukuu. Mjukuu huyo hapo amefikisha siku arobaini, analala chumba cha pili, na mimi nimemtazama leo nikaona siwezi tena.

Nimekukasirikia wewe wiki nzima hii kwa ukaidi wako. Nimemkasirikia babako kwa ukimya wake, maana mtu anayenyamaza sana anawafanya wenzake waonekane wabaya. Ukweli ni kwamba nimejikasirikia mimi, na hasira hiyo sikuwa na pa kuipeleka, basi ikawa inawaangukia ninyi. Ukaidi wako wenyewe umeutoa kwangu. Babako hana ukaidi hata wa kumfukuzia kuku.

Sitakuambia ufanye nini na mimi. Ukitaka kunichukia, chukia kwa haki, mimi niko hapa, sikimbii. Ukitaka kuuliza, niulize, nitajibu. Sitaki unisamehe upesi kwa kuwa una safari. Msamaha wa mtu anayefunga mizigo siutaki.

Na bunduki chukua uitakayo. Umekwisha kuwa mtu mzima na cheti kina jina lako. Mimi nimekwisha kusema kipi kinapita ukuta na kipi hakipiti, na wewe unajua mwanao atakuwa analala upande gani. Lakini iwe yoyote, kabla hujaimiminia baruti, utumbukize mdeki. Hata kama wewe mwenyewe ndiye uliyeifyatua sasa hivi. Hata kama simba ameshika mlango. Utumbukize mdeki na utazame.

Kesho babako ataamka kabla yetu. Atampakia punda mizigo yako na kuikaza kamba, kisha ataondoka aende nyuma ya zizi, ajishughulishe na miiba ya ua, ili usipate taabu ya kumpita wakati wa kuaga. Ndivyo anavyofanya kila unaposafiri, nawe ulidhani hajali. Mfuate hukohuko. Simama upande wake wa kushoto, maana sikio la kulia Ya Nane ililimaliza zamani. Mwambie shikamoo kwa sauti, tena mara mbili, na usiondoke upesi. Mara ya kwanza hatajua kwamba unasema naye.

Ni mimi mama yako,
Mwanaidi binti Salehe